Somo la saikolojia vyuoni tusiishie kukaririshwa

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe la moyoni. Mi ni mwanachuo wa ualimu mwaka wa kwanza na katika masomo yote tuliyoanza nayo hakuna lililonishika kama saikolojia, maana ndo mara ya kwanza nakutana na somo linalouliza kwa nini mtoto anasahau, kwa nini anaogopa hesabu, kwa nini huyu akichapwa ananyamaza na yule anazidi kuwa jeuri. Ndo maana inaniuma jinsi tunavyolisoma.

Mkufunzi anaingia na desa, lilelile la miaka yote, limetolewa kopi juu ya kopi mpaka maneno ya pembeni yamekatika, anasoma sisi tunaandika. Wundt, maabara, Leipzig, 1879. Pavlov, mbwa, mate. Skinner, panya, zawadi. Siku ya tesiti ni taja, orodhesha, eleza kwa kifupi, ukishatapika yote kwenye karatasi basi, wiki inayofuata ukimuuliza mtu hana kitu kichwani.

Sasa ndani ya desa hilohilo yumo Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, kitabu chake kilitoka 1885. Huyu alijitungia silabi zisizo na maana yoyote akawa anazikariri mwenyewe, akikaa muda anazirudia aone atahangaika kiasi gani kuzishika tena, akakuta baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya ile kazi imeshapotea. Yani tunakariri habari za mtu aliyetuonyesha kwamba ukikariri kitu kisicho na maana kwako hakikai!

Mi na wenzangu watatu tukaamua tujaribu wenyewe hosteli. Tulichana karatasi za daftari, kila mtu silabi 12: zuk, fel, gim, bov, na nyingine za hivo. Mwenzangu mmoja alizitaja zote bila kukosea, akaenda kufua, alivyorudi kuanika zimebaki tano. Tukamuuliza mbona gim hujaisahau, akasema ilimkumbusha magimbi ya bibi yake. Wote tukakaa kimya, maana pale ndo tulielewa kitu ambacho wiki tatu za desa hazikutuingiza, kwamba kichwa kinashika kile chenye pa kujishikiza.

Na mambo ya pa kujishikiza yapo hukuhuku kwetu Afrika ila kwenye desa letu hayamo. Robert Serpell wa Chuo Kikuu cha Zambia alichapisha utafiti 1979, alilinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester kule Uingereza, akawapa maumbo wayaige. Kwa penseli na karatasi wa Manchester wakashinda, kwa kukunja waya wa Lusaka wakashinda, kwa udongo wakalingana. Mi niliposoma hii kwenye simu nilimuona mdogo wangu kabisa, anashindwa kuchora pembetatu daftarini mwalimu anamwita mzito, lakini ana gari la waya alilolikunja mwenyewe, matairi ya kandambili, usukani mrefu na linakata kona. Nikienda BTP, yani mazoezi ya kufundisha shuleni, nitawakuta watoto kama yeye darasa zima, na kama kipimo changu ni daftari peke yake nitawaonea.

Najua wakufunzi ni wachache na sisi tumejaa darasani, siwalaumu, na mitihani nayo wanatungiwa. Ila haya hayahitaji maabara. Shule ya mazoezi ipo hapo ukutani kwetu, kengele yao tunaisikia. Tungepewa hata kipindi kimoja kwa wiki twende na glasi mbili, moja nyembamba ndefu na moja pana, tumimine maji yaleyale mbele ya mtoto wa darasa la kwanza tumuulize wapi ni mengi, tumsikie Piaget, yule Mswisi aliyeonyesha kwamba watoto wadogo huona maji ni mengi kwenye glasi ndefu, kwa mdomo wa mtoto mwenyewe. Na kwenye tesiti tuletewe kisa, mtoto fulani anafanya hivi nyumbani na hivi darasani, wewe kama mwalimu unamwelewaje utamsaidiaje, badala ya taja mambo matano.

Wakufunzi wetu mnaosoma gazeti hili, tunaomba hicho kipindi kimoja tu. Glasi tutaleta wenyewe.

Mwanachuo wa ualimu,
Kanda ya Ziwa