Majani yamelegea? Weka kopo la maji chini kwanza: mizizi ya sakulenti inavyooza kwenye baridi ya Mbeya

Mwezi wa sita mama mmoja wa Isyesye alishuka kwenye bajaji pale kitaluni kwetu akiwa amekumbatia chungu cha saruji. Ndani yake kulikuwa na echeveria, aina ya sakulenti (mimea ya majani manene yanayotunza maji), aliyoinunua kwetu mwezi wa kumi, ikiwa imejaa na kufunga kama waridi. Sasa majani ya chini yalikuwa ya njano, yanapitisha mwanga kama plastiki, na ukiyagusa tu yanadondoka.

"Dada, naumwagilia kila Jumapili, sijaruka hata moja," akaniambia. "Lakini kadiri ninavyomwagilia ndivyo unavyolegea."

Niliupindua juu ya meza. Udongo ukatoka bonge zima, mzito, una harufu ya kinamasi. Nikashika mzizi mmoja kwa vidole viwili nikauvuta taratibu, ganda lake la nje likavuka kama soksi na kubaki uzi mwembamba. Mzizi mzima hauvuki hivyo. Huwa mweupe au wa kahawia hafifu, mgumu kidogo, na ukiuvuta unakataa.

Mama huyu si mzembe hata kidogo. Kumwagilia kila Jumapili kulikuwa sawa kabisa mwezi wa kumi, jua la Mbeya linapowaka na upepo unakausha chungu kwa siku mbili tatu. Kilichobadilika ni majira. Mji wetu uko takribani meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba kila mtu anajua unavyokuwa. Kwenye baridi hiyo sakulenti karibu inasimama kukua, inakunywa kidogo mno, na udongo haukauki. Maji ya Jumapili hii yanayakuta ya Jumapili iliyopita bado yamo.

Mizizi nayo inapumua. Maji yakijaza matundu yote ya udongo, hewa inakosa pa kukaa, na mizizi inaanza kufa kwa kukosa hewa kabla ugonjwa wowote haujaingia. Kisha ndipo viini vya udongoni, kama Pythium na Phytophthora, vinapovamia mizizi dhaifu na kupanda kuelekea kwenye shina. Wakulima wa viazi wa Uporoto wanaujua ukoo huu vizuri, maana bakajani chelewa inayounguza viazi mviringo husababishwa na Phytophthora mwenzake.

Kinachowaponza wateja wengi ni kwamba mmea uliooza mizizi unalegea kama mmea wenye kiu. Hauna mizizi ya kunywea, basi unalegea huku umekaa kwenye maji. Mwenye nao anahurumia, anaongeza kopo jingine. Tofauti ipo, na inaonekana kwa macho. Jani lenye kiu linakunjamana na kuwa jembamba, la chini linakauka kama karatasi, na udongo ni mkavu. Jani la mmea unaooza linakuwa laini, lenye majimaji, na shina pale linapokutana na udongo linaanza kuwa jeusi. Ukiwa na shaka, chomeka kijiti kikavu cha mshikaki hadi chini ya chungu, kiache dakika kumi, kichomoe. Kikitoka na unyevu au udongo umenata, usimwagilie. Mwezi wa sita unaweza kukaa wiki tatu au nne bila kumwagilia na mmea usidhurike. Ndugu yako aliye Kyela, kule chini kwenye joto la Ziwa Nyasa, asifuate hesabu hii. Kwake chungu kinakauka mapema zaidi.

Sasa udongo, na hapa nitasema kwa urefu kwa sababu ndiko matatizo mengi yanakoanzia. Watu wanachota ule udongo mweusi wa shambani kwa kuwa unastawisha kila kitu. Unastawisha mahindi na migomba, kweli, kwa sababu unashika maji vizuri. Sifa hiyo hiyo ndani ya chungu kidogo ni sumu kwa sakulenti. Dawa yake tunayo hapa hapa nyumbani. Mlima Rungwe ulilipuka vibaya yapata miaka 4,000 iliyopita na kumwaga mawe mepesi yenye vitundu, yale yanayoelea ukiyatupa kwenye ndoo ya maji. Vitundu hivyo vinashika unyevu kidogo na kuacha hewa ipite. Sisi tunayachekecha kuondoa vumbi, tunabakiza punje za ukubwa wa mahindi au ndogo kidogo, kisha tunachanganya mafungu mawili ya mawe hayo, fungu moja la mchanga mkubwa wa mtoni na fungu moja la mboji iliyoiva. Ukimwagia maji mchanganyiko huu, yanatokea chini papo hapo.

Yatokee wapi kama chungu hakina tundu? Vile vyungu vya saruji vinavyopakwa rangi vizuri mara nyingi havina, au tundu limezibwa na saruji. Toboa. Na kuweka kokoto chini hakusaidii kama wengi wanavyoamini: maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto, yanasimama juu yake, karibu zaidi na mizizi.

Mmea ukishaoza, fanya hivi. Utoe wote, kung'uta udongo, na udongo huo usiutumie tena kwenye chungu. Futa kisu kwa spiriti, kata kila mzizi mweusi au unaoteleza. Shina nalo likiwa limeguswa, kata vipande vyembamba ukipanda juu mpaka uone nyama safi isiyo na doa la kahawia. Futa kisu kila baada ya mkato. Usione huruma hapa, doa dogo ukiliacha litamaliza lililobaki. Kisha uache mmea kivulini, pakavu, siku tatu hadi saba. Kwenye baridi hata wiki mbili, hadi kidonda kifanye ngozi. Panda kwenye mchanganyiko mkavu na usimwagilie kwa wiki nzima.

Wengi wanauliza kuhusu dawa ya bakajani ya viazi iliyobaki stoo. Haifufui mzizi uliokufa. Bila kukata na kukausha, ni hela imepotea.

Echeveria ya yule mama shina lilikuwa limeisha. Tulichuma majani tisa mazima ya juu, tukayalaza juu ya mchanganyiko mkavu, na baada ya wiki kadhaa mengi yakatoa vichipukizi. Mshubiri haukubali kuota kwa jani, kwa hiyo huo uwahi mapema.

Ukihisi mmea wako umeanza kuoza, ulete kitaluni. Kuangalia mizizi hatutozi. Utalipia mchanganyiko na chungu kama vinahitajika. Usiumwagilie kabla ya kuja, na uulete na udongo wake uleule, kwa sababu ndio tunaouangalia kwanza.