Barua kwa Baba Neema: Doom 3 au Half-Life 2

Goma, Jumamosi jioni

Baba Neema, ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima, watoto ni wazima, na Mama Daniella anakumbusha zile sambaza (samaki wadogo) za kisiwa cha Idjwi ulizoahidi, mimi simo.

Umeniuliza swali fupi na najua unataka jibu fupi. Pesa ipo ya gemu moja ya kompyuta, mega za intaneti zipo za gemu moja: ni Doom 3 au Half-Life 2? Chukua Half-Life 2. Yanayofuata ni sababu zangu, pamoja na mahali ambapo itakusumbua, maana wewe nakujua, itakusumbua.

Zote mbili zilitoka mwaka 2004, Doom 3 mwezi wa nane na Half-Life 2 mwezi wa kumi na moja. Hiyo ya pili ilikuwa itoke mwaka uliotangulia, ila ikachelewa, na katikati ya kuchelewa huko wezi waliingia kwenye kompyuta za Valve, kampuni inayoitengeneza, wakaiba msimbo wake na kuumwaga mtandaoni. Kwa hiyo watu wa rika letu walizipata pamoja, na tangu hapo ubishi haujaisha.

Usidhani naidharau Doom 3. Uko Mars, mwaka 2145, wewe ni askari mgeni asiye na hata jina, umepelekwa kwenye kituo cha kampuni iitwayo UAC. Wanasayansi wa kampuni wanajaribu kusafirisha vitu kutoka mahali hadi mahali kwa kufumba na kufumbua, na mlango walioufungua ukatokea kuzimu. Hadithi ndiyo hiyo, haina zaidi. Utamu wake uko kwenye mwanga. John Carmack wa id Software, kampuni iliyoitengeneza, aliunda mitambo ya programu ambayo kila taa inatoa kivuli chake palepale unapotazama. Taa ikining'inia kwenye waya na kuyumba, vivuli vya mabomba vinayumba nayo ukutani, na kile kimoja ambacho hakiyumbi pamoja na vingine, hicho kina meno.

Kuna kitu kingine ndani yake ambacho bado sijakiona kikifanywa vizuri zaidi. Ukisogelea skrini ya mashine yoyote kituoni, bunduki inashuka yenyewe na alama ya kulengea inageuka kuwa kishale. Unabonyeza vitufe vya ile skrini moja kwa moja, bila ukurasa mwingine kufunguka. Unasoma barua pepe za wafanyakazi waliokufa, unasikiliza sauti zao, na humo unaokota namba za kufungulia makabati ya risasi. Kabati moja halikuwa na namba popote ndani ya gemu. Kulikuwa na tangazo la kampuni ya uongo, Martian Buddy, lenye anwani ya tovuti, na tovuti yenyewe ilikuwa ya kweli: ukiifungua kwenye intaneti unaikuta namba, 0508. Ndiyo hiyo, nimekuokolea mega.

Halafu ipo tochi. Kwenye toleo la 2004 ukishika tochi huna bunduki, ukishika bunduki huna tochi. Unasikia kitu kinapumua kwenye kona, unamulika, unakiona, unabadilisha ili upige, na kwa ile nusu sekunde uko gizani nacho. Wachezaji walilalamika sana, wengine wakatengeneza nyongeza ya kuifunga tochi kwenye bunduki, na mwaka 2012 lilipotoka toleo la BFG Edition wenyewe waliifunga kwenye deraya la askari. Kwa maoni yangu waliharibu. Hofu yote ilikuwa inakaa kwenye ile nusu sekunde.

Sasa, tatizo. Mtu akikutisha kwa kujificha nyuma ya mlango, mara ya kwanza unapiga kelele, baadaye unapita mlangoni ukiwa tayari umekunja ngumi. Doom 3 ina mbinu hiyo na inairudia mpaka mwisho: unaokota deraya, ukuta unafunguka nyuma yako, anatoka mtu. Baada ya muda unaliona deraya na unageuka kuutazama ukuta kabla ya kuliokota. Ongeza kwamba laptop yako ina kioo hafifu, na unacheza mchana kwenye kile chumba cha dirisha la ziwani. Utaona uso wako mwenyewe na kitu cheusi. Gemu ile inataka usiku na chumba kilichofungwa, na usiku wako ni wa kusahihisha madaftari.

Half-Life 2 unaanza bila silaha, umeshuka kwenye treni katika mji unaoitwa City 17. Watu wote wamevaa nguo moja za buluu. Kwenye skrini kubwa mzee mmoja mwenye sauti nzuri, Daktari Breen, anawaambia jinsi walivyo na bahati. Askari waliofunika nyuso wanakagua mizigo. Mchoraji mkuu wa mji huo, Viktor Antonov, alizaliwa Sofia huko Bulgaria, ndiyo maana majengo yana sura ya Ulaya ya mashariki. Lakini mtu wa Goma au Bukavu hahitaji kufafanuliwa mji ambao watu wanatembea wakitazama chini.

Hapo stesheni kuna askari amesimama njiani. Anaangusha kopo kwa rungu lake, kisha anakuamuru uliokote ulitie kwenye pipa la takataka. Ukitii, anacheka na kukupisha. Ukilichukua ukamtupia kichwani, anakupiga kwa rungu lake. Hakuna maandishi marefu ya kukufundisha wala sauti ya mwalimu, na tayari umejua kuokota kitu, kubeba na kurusha, na umejua pia unaishi chini ya nani. Ni kopo moja tu limefanya kazi hiyo. Ndiyo maana naipenda gemu hii.

Na wewe ni prof wa fizikia! Gordon Freeman, ambaye ndiye wewe ndani ya gemu, naye ni mwanafizikia, amesoma chuo cha MIT huko Marekani, na silaha yake ya kwanza ni mtaimbo. Mitambo ya programu ya kuhesabu uzito na migongano ilitoka kampuni ya Havok ya Ireland, na Valve hawakuitumia kwa mapambo. Kwenye mifereji utakuta ubao mrefu umelala juu ya egemeo, na ukuta mbele yako uko juu mno. Unabeba matofali ya saruji unayapanga upande wa pili, ubao unainuka, unapanda. Mbele zaidi unasukuma mapipa matupu ya plastiki chini ya maji ili yaelee na kuinua njia ya kurukia. Nyenzo na Archimedes, yale unayoandika ubaoni kila mwaka, hapa yanakuvusha.

Baadaye unapewa bunduki ya kuvuta na kusukuma vitu, isiyohitaji risasi hata moja. Mara moja baada ya hapo wanakupeleka Ravenholm, mji wa wafu wanaotembea, risasi ni za kuhesabu, na ukutani na mezani kuna misumeno ya duara. Unavuta msumeno, unasubiri wawili wajipange, unaachia. Kuna padri mmoja, Grigori, anacheka juu ya mapaa na kukurushia maneno ya dini huku akiwapiga wafu. Kwa hiyo ukichukua Half-Life 2 unapata na usiku mmoja wa Doom 3 ndani yake. Usiicheze sehemu hiyo Neema akiwa macho.

Sasa tuongee juu ya tumbo lako. Mtu anayetapika kwenye boti ya Goma–Bukavu kabla hatujaiacha bandari, ziwa likiwa limetulia, hawezi kupuuza jambo hili. Half-Life 2 inawapa wengi kichefuchefu, hasa sura ile ndefu ya boti la feni. Sababu kubwa ni upana wa mtazamo: umewekwa nyuzi 75, ni kama unachungulia kwenye bomba wakati kichwa kinageuka haraka. Nenda kwenye mipangilio ya picha, upandishe hadi 90 kabla hujaanza. Kaa mbali kidogo na kioo, taa iwake chumbani. Ukisikia mate yanajaa mdomoni, simama, usijitie ushujaa. Ikishindikana kabisa, basi Doom 3 itakufaa zaidi, kwa kuwa mwendo wake ni wa polepole na korido ni fupi.

Jambo la kibodi. Gemu hizi zimepangwa kwa kibodi za Kiingereza, W A S D. Kwenye zetu za Kifaransa herufi hizo zimetawanyika, W iko chini na A iko juu, vidole vitafungana. Badilisha iwe Z Q S D. Sauti za Kifaransa zimo kwenye Half-Life 2, hutahangaika na Kiingereza. Tena ujifunze kitufe cha F6 kabla ya kitufe cha kupigia: kinahifadhi mchezo mahali popote ulipo. Betri yako nimeiona, na umeme wa mtaa wenu naujua.

Kuhusu kuipata: inapatikana Steam, duka la gemu la mtandaoni, na Steam imeacha kuhudumia Windows 7 na 8 tangu tarehe 1 Januari 2024. Kama laptop bado ina ile Windows ya zamani, anza hapo, la sivyo huenda ukanunua na usifungue. Mega zitaliwa zaidi kuliko Doom 3, kwa sababu kwenye sherehe ya miaka 20, Novemba 2024, Valve waliunganisha Episode One na Episode Two, gemu mbili za kuendeleza hadithi, ndani ya gemu yenyewe. Ni tatu kwa bei ya moja. Pakua kwa yule jamaa mwenye waifai, halafu ukirudi nyumbani weka Steam icheze bila mtandao. Mashine yenyewe haitachoka: mwanga wa Half-Life 2 sehemu kubwa ulishapigiwa hesabu studioni, kompyuta yako inaonyesha tu.

Nikuonye pia kuhusu mwisho. Episode Two ya 2007 inakatika pabaya kabisa, na ya tatu haikutoka mpaka leo. Mwaka 2020 walitoa Half-Life: Alyx, lakini hiyo ni ya miwani ya uhalisia pepe, na bei ya miwani hiyo usiniulize. Nakuambia mapema ili usije kunipigia simu usiku wa manane ukilaumu.

Kwa padi ya laptop hutaweza kulenga hata ukuta, kwa hiyo nakutumia kipanya. Ni cha waya, hakitaki betri. Shemeji yangu anashuka na boti ya Jumatano, atakuwa nacho kwenye mfuko mweusi pamoja na vitenge vya Mama Neema. Uwe bandarini mapema, maana yeye akifika tu anapanda pikipiki kuelekea Uvira na hasubiri mtu.

Wako,
Baba Daniella