Wagonjwa wa MS wapimwe mifupa kabla hawajaanguka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua kwa herufi mbili tu, MS, yaani maltipo sklerosisi. Kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Macho hupata ukungu, miguu hufa ganzi, mwendo huyumba. Hayo madaktari wetu wanayajua. Ninacholilia mimi ni mifupa.

Mdogo wangu wa kike huu ni mwaka wa sita anaugua MS. Kila ulipompanda alilazwa, akatundikiwa dripu za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe ambazo zikizidi hudhoofisha mifupa, akapata nafuu, tukarudi nyumbani. Mwaka jana aliteleza bafuni. Hata kishindo sikukisikia, nilisikia ananiita tu, "Dada, mguu hausogei." Nyonga ilikuwa imevunjika. Ana miaka 34. Daktari wa mifupa alipoitazama picha akauliza kama amewahi kupimwa uimara wa mifupa. Hajawahi. Miaka yote ile tumehudhuria kliniki moja, na hakuna aliyetutajia habari hiyo hata siku moja.

Ndipo nikaanza kusoma. Kumbe huko Norwei daktari mtafiti Stine Marit Moen na wenzake walishaliona jambo hili, wakalichapisha mwaka 2011. Hawakuwatafuta wagonjwa waliokwisha kukalia kiti cha magurudumu, ambao mifupa yao yeyote angetarajia iwe imedhoofika. Walichukua watu 99 waliogundulika karibuni kuwa na MS au dalili zake za mwanzo, wastani wa miaka 37, ulemavu hawana au ni mdogo tu, wakawalinganisha na 159 wasio na ugonjwa huo. Asilimia 51 ya wagonjwa walikuwa na mifupa iliyopungukiwa madini. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 37. Kwa hiyo mfupa huanza kuliwa mapema, halafu steroidi na kukaa bila kutembea vinakuja kuongezea.

Mfupa huhitaji vitamini D ili ushike kalsiamu, na ngozi huitengeneza kwa jua. Najua nitajibiwa kwamba sisi jua tunalo, vitamini hiyo haiwezi kutupungukia. Lakini joto humzidishia mgonjwa wa MS dalili. Mdogo wangu akikaa juani robo saa macho yanaingia giza, basi hushinda ndani na feni, na akitoka amejitanda. Tena ngozi nyeusi huhitaji jua la muda mrefu zaidi kuliko nyeupe ili kuitengeneza vitamini hiyo.

Kipimo chenyewe, DEXA, ni eksirei hafifu ya nyonga na kiuno. Hakiumi, na ni cha dakika chache. Mashine ni chache nchini, sikatai, lakini kwa mgonjwa wa MS rufaa ya mara moja si anasa. Naomba apimwe mara tu anapogundulika, aelezwe habari za vitamini D na kalsiamu kabla dripu hazijaanza kurundikana, na bima igharamie bila kungoja mfupa uvunjike.

Mdogo wangu sasa anatembelea magongo. Bafuni tumefunga vyuma vya kushikia. Fundi wa mtaani alivimaliza kwa nusu siku. Tungevifunga tangu mwaka ule wa kwanza, kama mtu angetuambia.

Msomaji wako,
Tanga