Kura za bure mtandaoni si za kuchezewa

Mhariri,

Siku hizi hapa Nairobi kila chama, kila welfea ya ploti, hata kwaya inapiga kura kwa simu, mtu anaunda fomu ya bure anatupa linki kwa grupu ya WhatsApp na uchaguzi umeanza. Shida ni jamaa anaforwadi linki kwa mabinamu wa ushago ambao hawajawahi kuchanga hata shilingi, halafu tunaambiwa eti mweka hazina ameshinda! Google Forms iko na mahali pa kuruhusu jibu moja kwa kila akaunti, sijui mbona watu hawabonyezi, ingawa mwenye akaunti tano bado atapenya, kwa hivyo heri kila mwanachama apewe namba yake ya siri ya kutumika mara moja. Kuzuia kura ya pili kutoka wifi moja msijaribu, baba akishapiga kura nyumba nzima imefungiwa nje.

Na hii ya kuitisha namba za kitambulisho ndio mtu apige kura, jameni! Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka uchukue tu kile unahitaji na useme ni cha nini. Kura zikiisha futeni hiyo orodha, isije ikahamia kwa simu ya mgombea fulani 2027.

Mama wa chama,
Umoja, Nairobi