Kabla Hujaupigia Kura Mradi wa Jengo

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pongezi za dhati kwa kuteuliwa kwenye baraza la chuo. Umeniuliza uangalie nini katika kikao chako cha kwanza, hasa kwa kuwa ajenda kubwa ni jengo jipya la mihadhara na maabara, tena la mkopo. Nimekaa miaka mingi kwenye kamati ya fedha na jambo hili linanigusa, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Makabrasha yatakuja na michoro mizuri. Itazame, kisha utafute ukurasa wa gharama za uendeshaji. Usipoukuta, uombe kabla ya kura. Mkandarasi akishakabidhi funguo, ndipo chuo kinaanza kulipia umeme, maji, usafi, ulinzi, bima, mafundi, na vifaa vya maabara vinavyochakaa. Mfadhili hutoa fedha za kuta kwa moyo mkunjufu, lakini fedha za kuzitunza kuta hizo miaka arobaini ni nadra azitoe. Zitatoka kwenye bajeti, palepale zinapotoka mishahara ya wahadhiri na vitabu vya maktaba.

Tafadhali soma habari za Cooper Union, chuo cha New York kilichoanzishwa mwaka 1859 na Peter Cooper, mwenye viwanda aliyetaka watoto wa wafanyakazi nao wapate elimu. Kwa zaidi ya miaka mia moja wanafunzi wake wa shahada ya kwanza hawakulipa ada. Na si kwamba chuo hakikuwa na mali: ardhi lilipojengwa jumba mashuhuri la Chrysler ni yake, na mapato ya ardhi hiyo ni nguzo ya bajeti yake. Mwaka 2006 bodi ya wadhamini ilikopa dola milioni 175 kwa dhamana ya ardhi hiyohiyo, na kujenga jengo la kisasa la ghorofa tisa lililofunguliwa mwaka 2009. Katikati hapo, mwaka 2008, masoko ya fedha duniani yakaporomoka. Chuo tayari kilikuwa na nakisi ya muda mrefu, na sasa deni likaja juu yake. Aprili 2013 bodi ikaamua kuwa wanafunzi watakaoingia mwaka 2014 waanze kulipa ada. Wanafunzi waliikalia ofisi ya mkuu wa chuo; mwaka uliofuata kundi la wahadhiri, wanafunzi na wahitimu likaenda mahakamani. Shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2015, na mwaka 2018 bodi ikapitisha mpango wa miaka 10 wa kurejea kwenye elimu bila ada.

Hebu fikiria kijana wa miaka 18 aliyeingia pale mwaka 2014. Mkopo ulipokuwa unasainiwa alikuwa na miaka kumi hivi. Hakuwa na mjumbe, hakuwa na sauti, wala hakujua kuna kikao. Ndiye ninayekuomba umkumbuke ukiwa mezani, kwa sababu wengine wote wana wa kuwasemea: menejimenti ipo, wahadhiri wana wawakilishi wao, benki ina wanasheria wake.

Sisemi mikopo ni mibaya. Maabara isiyopitisha hewa vizuri ni hatari kwa wanaoitumia, na paa lililoachwa bila ukarabati leo litadai fedha nyingi zaidi kesho. Kuahirisha nako kuna gharama zake, na baraza linaloogopa kuamua linaumiza chuo vilevile. Ninachotaka ni uamuzi unaofanywa huku hesabu zote ziko wazi.

Swali lililonisaidia kuliko mengine yote ni hili: udahili ukishuka, deni litalipwa na nini? Mipango mingi ya kulipa mkopo hutegemea dhana kwamba wanafunzi wataongezeka kila mwaka, na dhana hiyo hufichwa kwenye jedwali la kiambatisho. Katika baraza nililokuwemo tuliwahi kuomba jedwali hilo lipigwe upya kwa idadi isiyoongezeka. Mwenyekiti hakufurahi, maana kura ilisogezwa hadi kikao kilichofuata, lakini mradi ulirudi ukiwa mdogo zaidi na wenye fedha za matengenezo ndani yake. Mpaka leo nashukuru kwamba tulisubiri.

Uliza pia kama fedha zenye masharti, yaani zilizotolewa kwa kazi maalumu tu, hasa za ufadhili wa wanafunzi, zitaguswa hata kwa muda mfupi. Zisiguswe. Mjumbe mwenye maslahi kwa mkandarasi atangaze na atoke nje wakati wa mjadala. Na ukiuliza swali, hakikisha linaingia kwenye muhtasari pamoja na jibu lake, ili kwenye yatokanayo, yaani pale kikao kijacho kinapofuatilia mambo ya kikao kilichopita, mtu asiseme halikuulizwa.

Mambo yakiwa magumu, tetea kuwaambia watu mapema. Machi 2015 bodi ya Sweet Briar, chuo cha wanawake huko Virginia, ilitangaza ghafla kwamba kitafungwa mwaka huohuo. Wahitimu walichanga fedha, kesi zikafunguliwa, na kufikia Juni yakapatikana makubaliano ya kukiacha wazi chini ya bodi mpya. Nguvu ile ya wahitimu ilikuwepo siku zote. Hakuna aliyewaeleza hali ilivyo ili waitumie mapema.

Kabla ya kikao, omba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitano iliyopita pamoja na barua ya mkaguzi kwa menejimenti. Hiyo barua isome kwanza, mara nyingi ndiyo inayosema wazi yaliyolainishwa kwenye ripoti. Makabrasha yenyewe usinitumie, ni siri ya baraza. Niandikie tu maswali yatakayokusumbua, nitakujibu upesi.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafikiyo