Mafundi wa video, chora umbo badala ya kukuza picha

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa video wa Tabora, Nzega na Urambo, pamoja na majirani zetu wa Kigoma. Matangazo ya maduka, video za harusi na taarifa za televisheni za mtandaoni zinazotoka huku kwetu zina picha safi. Kamera za siku hizi si haba. Kinachoziangusha ni vile vinavyobandikwa juu yake: nembo yenye ukungu pembeni, kibao cha jina kilichovutwa hadi kona zake zikaharibika, ramani iliyookotwa mtandaoni ikakuzwa mara nne. Chanzo ni kimoja. Fundi ametumia picha ya pikseli (vitone vidogo vya rangi) mahali panapotaka umbo la vekta, yaani umbo ambalo kompyuta hulihifadhi kwa nukta na mistari ya hesabu, ukalikuza utakavyo na ukingo wake ukabaki mkali.

Mifano yangu ni ya After Effects, programu ya kutengeneza michoro inayotembea, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi kwenye kazi hii. Kosa la kwanza hutokea kabla umbo halijazaliwa. Fundi anabonyeza Q, anachukua mstatili, anauburuta kwenye skrini, na badala ya kupata umbo anaona video yake imekatwa ikabaki kipande. Leya (tabaka) ya video ilikuwa imechaguliwa, basi programu imeelewa kwamba anataka barakoa ya kuificha. Bonyeza F2 kwanza ili pasiwe na leya iliyochaguliwa, ndipo uchore. Vilevile, ukichora huku leya ya umbo imechaguliwa, umbo jipya huingia humo humo. Wakati mwingine ndivyo unavyotaka, mara nyingi sivyo.

La pili ni nanga, yaani nukta ambayo leya huizunguka. Kwa kawaida leya mpya ya umbo huwa na nanga katikati ya fremu, hata kama umbo lenyewe umelichora kwenye kona. Ukilizungusha, linazurura skrini nzima kama mbuzi aliyefungwa kigingi cha mbali. Ctrl, Alt na Home kwa pamoja huirudisha nanga katikati ya umbo. Kwenye mipangilio ya jumla ya programu kuna kisanduku cha kuweka tiki ili kila umbo jipya lije na nanga yake katikati, na sioni sababu ya kukiacha wazi.

Sasa kibao cha jina, kile chenye jina la anayeongea. Kwenye fremu ya 1920 kwa 1080, acha asilimia 10 kila upande: pikseli 192 kushoto na kulia, 108 juu na chini, ili televisheni zinazomeza kingo zisile maandishi. Chora mstatili wa upana wa 700 na urefu wa 90. Jina likiwa refu, usivute leya kwa Scale (ukuzaji wa leya nzima), kwa sababu mzingo wa kona utatanuka kuwa yai na mstari wa nje utanenepa upande mmoja. Fungua umbo lenyewe ubadilishe Size (ukubwa). Hapo kona na unene wa mstari havitaguswa. Ila Size hukua kutoka katikati kwenda pande zote mbili. Ukitaka kibao kifunguke kutoka kushoto kwenda kulia, Size ya upana ikitoka 0 kwenda 700, Position (mahali) ya mlalo ya umbo hilo hilo itoke 0 kwenda 350, kwa muda uleule na kwa mwendo uleule. Ukilainisha mwendo wa moja ukasahau nyingine, ukingo wa kushoto utacheza. Tumia pia namba shufwa. Mstatili wa urefu wa 91 uliowekwa kwenye pikseli kamili, kingo zake huangukia nusu ya pikseli, na ukungu uliokuwa unaukimbia unarudi kwa mlango wa nyuma.

Penye utamu ni ramani, na Tabora, makutano ya reli, ina mfano wake tayari. Tuseme unatengeneza kipindi cha shule kuhusu Reli ya Kati, ambayo ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kisha tawi la Mwanza likakamilika 1928. Chukua kalamu kwa kitufe cha G, uchore njia kuanzia Dar es Salaam hadi Kigoma kwa nukta chache. Wengi hutia nukta kila kijiji, halafu mstari unakuwa na vinundu. Nukta moja kwenye kila kona kubwa inatosha, mikono yake (vishikio vinavyotoka kwenye nukta) ikivutwa kulainisha mzingo. Ondoa Fill (rangi ya kujaza ndani), la sivyo programu itajaza rangi kati ya mwanzo na mwisho wa njia na utapata doa kubwa katikati ya nchi.

Alama ya reli inataka Stroke (rangi ya mstari) mbili kwenye kundi moja. Ya chini iwe nyeusi, unene wa 10. Ya juu iwe nyeupe, unene wa 6, yenye Dash (kipande cha mstari uliokatwakatwa) ya 20. Nafasi kati ya vipande usipoitaja hufuata urefu wa Dash, yaani 20 pia. Ncha za vipande ziache bapa. Ukichagua ncha za mviringo, kila kipande kitaongezeka pikseli 3 kila upande, nafasi ya 20 itabaki 14 na reli itafanana na shanga.

Ili reli ijichore yenyewe, ongeza Trim Paths, amri ya kuonyesha sehemu tu ya njia, kwenye kundi hilo, chini ya njia, maana amri hii hushika njia zilizo juu yake tu. Peleka End (mwisho wa sehemu inayoonekana) kutoka asilimia 0 hadi kama 67, kwa kuwa Tabora iko karibu theluthi mbili ya safari, simamisha hapo mwaka 1912 uonekane, kisha endelea hadi 100. Usitumie Start (mwanzo wa sehemu hiyo) kufunua njia: vipande vyeupe huhesabiwa kuanzia mwanzo wa njia iliyokatwa, kwa hiyo mwanzo ukisogea vyote vitatambaa kama siafu. Reli ikianza kujichora kutoka Kigoma wakati wewe ulitaka ianze Dar es Salaam, usifute kazi. Kando ya jina la njia kuna kitufe cha kugeuza mwelekeo.

Tawi la Mwanza lipe kundi lake na Trim Paths yake. Ukiiweka nje ya makundi, chini kabisa, itashika njia zote, na reli ya 1928 itajengwa sambamba na ya 1912.

Kuhusu nembo za wateja, tatizo huanza kwenye simu: picha iliyotumwa kwa WhatsApp imeshabanwa. Mwombe mteja faili la asili la vekta kutoka kwa aliyemchorea, alitume kama dokumenti. Likiwa la Illustrator (programu ya kuchora vekta), liingize kisha ubofye kulia na kuligeuza kuwa leya ya umbo. Katika matoleo ya nyuma rangi zinazofifia hugeuka kijivu, kwa hiyo zitie upya. Kama halipo, lifuatishe kwa kalamu. Nembo nyingi za maduka yetu ni duara, nyota na herufi.

Asiyemudu ada ya After Effects ana njia. Inkscape ni ya bure kwa kuchora, na DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri video, kuanzia toleo la 17 ina vifaa vya maumbo upande wa Fusion, sehemu yake ya michoro. Huko umbo halionekani mpaka uliunganishe na nodi ya sRender, kiungo kinachogeuza umbo kuwa picha, jambo linalowafanya wengi wadhani programu imeharibika.

Mwisho, usafirishaji. Kibao au ramani inayokwenda kuwekwa juu ya video nyingine itoe kwa ProRes 4444 au mfululizo wa PNG, aina za faili zinazohifadhi uwazi, ukichagua RGB (rangi) pamoja na Alpha (uwazi). Ukiitoa kwa H.264, aina ya kawaida ya video isiyohifadhi uwazi, itakuja na mandhari nyeusi, na mhariri wa video ataihangaikia bure.

Fundi wa michoro ya video,
Tabora Mjini