Kabla hujaita mtu wa shoka

Pangani, Jumapili jioni

Swahibu yangu Baba Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, ila jua kali. Picha ya mnazi wako nimeiona, nimeikuza mpaka simu ikaisha chaji. Unaniuliza kama ndiyo unakufa. Makuti mawili ya chini kuwa manjano si hoja. Mnazi mzima hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, na la chini lazima liondoke. Ukililia hilo, utalia mwaka mzima.

Nakuandikia kirefu kwa sababu ya ule mnazi wa marehemu mama, wa kando ya kisima. Madafu yake umeyanywa mwenyewe. Ulianza kwa kupukutisha. Nikifagia asubuhi nakuta vidaka, vile vinazi vichanga kabisa. Siku zikapita, vidaka na vitale vilivyokua zaidi, mara dafu zima. Nikasema kusi hilo, limevuma. Baadaye mkwezi akashuka na karara changa, lile ganda la maua, ambalo halijafunguka, akalipasua mbele yangu kwa panga. Maua yake huwa meupe yanaelekea manjano, unajua. Haya yalikuwa meusi kama utambi wa koroboi. "Huu umeshaondoka," akasema. Nikamwona mtu wa uchuro tu, maana juu makuti yalikuwa bado kijani! Nikaumwagia samadi na maji ndoo kwa ndoo.

Umanjano ukaanza chini, ukapanda kuti kwa kuti, yakageuka kahawia yakaning'inia. Mwisho kuti changa la katikati, lile linalosimama kama mkuki, likachomoka kwa kuvutwa kidogo tu. Shinani limeoza, linanuka vibaya. Haikutimia miezi sita tangu vidaka vya kwanza, kichwa kizima kikaangukia bati la jiko, ukabaki mlingoti.

Watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam, wanauita ugonjwa wa kunyong'onyea. Unaletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinakaa ndani ya mishipa ya mti, na dawa ya kuuponya hakuna. Mnazi nao una kilele kimoja tu. Mwembe tawi likifa utachipua jingine, tena utaukwaruza gome kwa kucha uone kama chini pana ubichi. Mnazi huna pa kuukwaruza.

Lakini si kila kidaka kinachoanguka ni msiba. Viokote uvitazame. Ukiona makovu na utomvu uliogandia, huyo ni mdudu anayefyonza. Halafu jiulize maji moto, wale chungu wekundu wa mitini, wako wapi. Najua unawachukia, na mwaka jana uliwapulizia dawa kwa sababu walimng'ata mkweo, ila hao ndio askari wa mnazi dhidi ya mdudu huyo. Na makuti yakiwa yamekatwa pembe pembe kama kwa mkasi, huyo chonga, yule mbawakavu mweusi mwenye pembe. Mkwezi mzuri humtoa tunduni kwa waya.

Chonga nilimfuga mwenyewe, nikwambie ukweli. Ule mlingoti niliukata nikauacha gogo lioze pale kisimani, nikiona uvivu kulipasua. Siku naligeuza, nakuta mafunza meupe manene kama kidole gumba, na mnazi wa pili tayari una matundu kileleni. Kwa hiyo hata lile lundo lako la samadi nyuma ya choo, liondoe, chonga huzaliana humo pia.

Sasa fanya hivi. Mwite mkwezi, si yule wa bei rahisi anayeparamia na kushuka bila kutazama, akushushie karara moja ambalo bado limefumba. Lipasue wewe mwenyewe. Likiwa jeupe ndani, nitumie picha nilale. Likiwa jeusi nipigie, nije na msumeno, tuukate na kulichoma gogo lake siku hiyo hiyo. Mwambie Mama Zuhura asianike nguo chini yake kwa sasa.

Wako,
Baba Rehema